Mstari Unaokumbuka

Katikati ya miaka ya 1760, chuo cha kijeshi cha Mézières, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, kilimwajiri kijana aliyeitwa Gaspard Monge. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa kawaida katika mji wa Beaune. Kwa kuwa hakutoka katika ukoo wa makabaila, Monge hakuruhusiwa kusomea uofisa. Kazi yake ilikuwa kuchora tu. Siku moja akapewa jukumu la kupanga kuta za ngome ili askari walio ndani wasionekane wala wasipigwe kutoka vilima vya jirani. Desturi ilikuwa kukokotoa hesabu ndefu kwa kila kipande cha ukuta. Monge aliziacha hesabu zile akatumia mchoro, na akamaliza mapema mno, hata ofisa wa kuikagua kazi akakataa kwanza kuitazama. Hakuamini kwamba hesabu za wiki nzima zinaweza kumalizwa kwa muda mfupi vile.

Njia ya Monge ilikuwa kukichora kitu mara mbili kwenye karatasi moja: kinavyoonekana kutoka juu, na kinavyoonekana kutoka mbele. Michoro hiyo miwili iliwekwa mmoja juu ya mwenzake, na kila nukta ya mchoro wa chini ikakaa wima kabisa chini ya nukta ileile katika mchoro wa juu. Kona ya mnara iliyoko chini na kona hiyohiyo iliyoko juu ziliunganishwa na mstari mmoja uliosimama. Kwa mstari huo, picha mbili bapa zilibeba habari kamili za kitu chenye urefu, upana na kimo. Mchoro mmoja ukisogea kidogo pembeni, habari hizo zinapotea. Jeshi liliifanya mbinu hii siri yake kwa miaka mingi. Mwaka 1795 Monge alipata nafasi ya kuifundisha hadharani mjini Paris, na kitabu chake kikatoka mwaka 1799.

Tangu hapo wahandisi na wachoraji ramani wa dunia nzima wanafanya kazi chini ya kanuni hiyo. Kupanga vitu sawia katika mchoro si suala la urembo. Fundi akiona ukuta wa ghorofa ya pili umekaa sawasawa juu ya ukuta wa ghorofa ya kwanza, anaamini uzito utashuka hadi kwenye msingi, naye anajenga kwa imani hiyo. Kwa hiyo historia ya kupanga sawia ni historia ya swali moja: nani anayebeba dhamana ya usawa huo? Kwa muda mrefu ulikuwa mkono wa mchoraji. Kisha kompyuta ikaombwa isaidie, na njia iliyopita kufika ilipo leo ilikuwa ndefu kuliko wengi wanavyodhani.

Enzi ya meza na wembe

Mchoraji wa karne ya 19 na sehemu kubwa ya karne ya 20 alikuwa na meza, karatasi iliyobandikwa pembe zote, na ti-skwea, yaani rula yenye umbo la herufi T. Kichwa cha ti-skwea kilibanwa kwenye ukingo wa kushoto wa meza, kikateleza juu na chini, na kila mstari uliopigwa kwa ubapa wake ulilala sambamba na mwenzake. Mstari wa wima ulipatikana kwa kuegemeza setiskwea juu ya ti-skwea. Mwaka 1901 huko Cleveland, Marekani, Charles Little alianzisha kampuni iliyotengeneza mashine ya kuchorea: mkono wa chuma uliobeba rula mbili zilizokutana kwa pembe mraba, ambao uliweza kwenda popote mezani bila rula hizo kubadili mwelekeo. Kazi ikawa ya haraka zaidi.

Lakini vifaa hivi vyote vilikuwa na upungufu mmoja. Unyoofu ulikaa ndani ya rula, haukuhamia kwenye mchoro. Wino ukishakauka, mstari ulikuwa alama tu juu ya karatasi. Haukujua kama uko sambamba na jirani yake, wala kama kuna mchoro mwingine unaoutegemea. Mwenye nyumba akitaka dirisha lisogezwe, mchoraji alichukua wembe, akaukwangua wino polepole asitoboe karatasi, akachora upya. Halafu alilazimika kukumbuka kwamba dirisha hilohilo limo pia katika mchoro wa mbele, katika mkato, na katika ramani ya ghorofa, na kote huko alitakiwa kukwangua na kupanga upya. Alipolisahau mahali pamoja, kosa lilionekana baada ya matofali kupanda.

Kalamu ya mwanga

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Ivan Sutherland, kijana mzaliwa wa Hastings, Nebraska, alikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika chuo cha MIT. Msimamizi wake alikuwa Claude Shannon, baba wa nadharia ya habari. Sutherland alipata nafasi adimu ya kutumia TX-2, kompyuta iliyokuwa Lincoln Laboratory huko Lexington, Massachusetts. Ilijaza chumba, na kumbukumbu yake ilikuwa takriban kilobaiti 300. Wakati huo watu wengi waliotumia kompyuta walipeleka kadi zilizotobolewa wakasubiri majibu. TX-2 ilimruhusu mtu mmoja kuketi mbele yake na kuongea nayo papo kwa papo. Ilikuwa na skrini ya inchi saba kwa saba, safu ya vitufe, na kalamu ya mwanga iliyotambua nuru ya nukta zilizowaka kwenye skrini.

Januari 1963 Sutherland aliwasilisha tasnifu kuhusu programu aliyoiita Sketchpad. Mchoraji aliielekeza kalamu kwenye skrini, akabonyeza kitufe cha kuchora, na mstari ukanyooka kutoka pale alipoanzia ukiifuata kalamu. Akitaka kuumaliza, aliirusha kalamu kando ghafla, kompyuta ikaipoteza, na mstari ukabaki pale ulipokomea.

Mkono wa binadamu hautulii, na kalamu ile haikuweza kugusa nukta kwa usahihi kamili. Sutherland alilitatua jambo hili kwa namna ambayo kila mchoraji wa leo anaitumia bila kujua ilikotoka. Kalamu ilipokaribia nukta au mstari uliokwishachorwa, kompyuta haikujali kalamu ilipo hasa. Ilichukua mahali halisi pa nukta ile na kupafanya ndipo kalamu ilipo. Mchoraji aliukaribia mstari, na mchoro ukashika mstari wenyewe, bila kupungua wala kuzidi. Huo ndio mwanzo wa snapu.

Hatua ya pili ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi. Tuseme mchoraji anataka umbo la pande sita zilizo sawa. Mezani angehitaji bikari na uangalifu. Kwa Sketchpad alichora pande sita hovyohovyo, zenye urefu tofauti na kona zilizopinda, kisha akachora duara. Akaishika kona moja baada ya nyingine, akaipeleka hadi kwenye duara, nayo ikanasa hapo. Mwisho akaiambia kompyuta kwamba pande zote sita ziwe na urefu mmoja. Umbo likaanza kujivuta na kujirekebisha mbele ya macho yake hadi likakaa sawa. Duara lingeweza kufutwa, kazi yake imekwisha.

Sutherland aliyaita maagizo ya aina hii masharti. Mstari huu uwe mlalo au wima. Huu uwe sambamba na ule. Nukta hii ikae juu ya mstari huu. Kompyuta ilipima kila mara mchoro umeyakosa masharti kwa kiasi gani, ikasogeza nukta hadi kosa likapungua kufikia kiwango kidogo kabisa. Muhimu zaidi, masharti hayo hayakusahauliwa. Yalihifadhiwa pamoja na mchoro, na mchoraji aliposogeza kona moja, sehemu zilizofungamana nayo zilifuata. Sutherland alichora hata daraja la vyuma akaliwekea masharti ya namna vyuma vinavyonyumbuka, na mchoro ukaonyesha nguvu zinazopita katika kila chuma.

Kwa mara ya kwanza, mstari ulijua uhusiano wake na mistari mingine. Usawa haukukaa tena kwenye rula wala kwenye kumbukumbu ya mchoraji. Ulikuwa sehemu ya mchoro.

Njia ya mkato

Wazo kama hilo lingetarajiwa kuenea mara moja. Halikuenea, na sababu kubwa ni gharama. Kulikuwa na TX-2 moja tu duniani. Kampuni kubwa za magari na ndege ziliendelea na miradi yao. General Motors pamoja na IBM waliutangaza mfumo wao wa DAC-1 mwaka 1964. Katika miaka ya 1970 mifumo ya kuchora kwa kompyuta iliuzwa kwa bei ambayo ofisi ndogo ya ramani isingeweza hata kuiulizia. Na masharti yalihitaji kompyuta ipige hesabu upya kila nukta iliposogea, mzigo ambao mashine za bei nafuu zisingeubeba.

Kompyuta za mezani zilipofika, zilileta njia nyepesi zaidi. Mwaka 1982 John Walker na wenzake walianzisha kampuni ya Autodesk huko California. Waliichukua programu ya Mike Riddle iliyoitwa Interact, wakaijenga upya, na Novemba mwaka huo wakaionyesha katika maonyesho ya COMDEX mjini Las Vegas kwa jina la AutoCAD. Bei yake ilikuwa dola 1,000. Kwa fedha hizo, pamoja na kompyuta ndogo, mchoraji aliyefanya kazi peke yake alipata uwezo uliokuwa wa viwanda vikubwa.

Usawa katika matoleo ya mwanzo ya AutoCAD ulitegemea gridi: nukta zilizopangwa kama mashamba ya mkonge, mstari kwa mstari, na kishale kilichoruka kutoka nukta hadi nukta bila kusimama katikati. Kulikuwa pia na amri ya kuzuia mistari isiende upande wowote ila mlalo au wima. Gridi ilifaa kuta zilizopimwa kwa hatua sawa, lakini haikufaa ukuta uliokatisha kwa mshazari, wala bomba lililogusa duara.

Oktoba 1984, toleo la 2.0 lilileta snapu ya vitu. Mchoraji aliweza kutaka ncha ya mstari, katikati yake, kitovu cha duara, makutano ya mistari miwili, au mahali ambapo mstari utagusa mwingine kwa pembe mraba. Kishale kilipokaribia, programu ilikokotoa nukta hiyo kwa usahihi na kuishika. Ilikuwa ile mbinu ya kalamu ya mwanga, sasa mikononi mwa maelfu ya watu.

Faida yake inaonekana pale inapokosekana. Mistari miwili ya ukuta iliyochorwa kwa kukadiria kwa jicho huonekana imekutana vizuri. Ukivuta picha karibu, karibu zaidi, unaona mwanya, pengine wa theluthi ya milimita. Ukiiamuru programu ijaze rangi ndani ya chumba hicho inakataa, kwa sababu kwa hesabu zake chumba hakijafungwa. Jicho limetosheka, namba hazijatosheka. Kila mwalimu wa uchoraji wa kompyuta amewahi kuketi kando ya mwanafunzi akimsaidia kuutafuta mwanya wa namna hiyo.

Mwaka 1986, Eric Bier na Maureen Stone wa kituo cha utafiti cha Xerox PARC walichapisha mbinu iliyokwenda mbali zaidi. Waliona kwamba mchoraji mezani hahitaji masharti magumu. Anahitaji rula na bikari zinazotokea pale anapozitaka. Programu yao ilimruhusu achague pembe na umbali anaotaka. Kutoka katika nukta alizozitaja, mistari na duara za kuelekeza zilijitokeza, na kishale kikanasa juu yake au kwenye makutano yake. Mistari hiyo haikuwa sehemu ya mchoro. Ilikuwepo kwa kusaidia kisha ikatoweka. Mwaka 1999 AutoCAD 2000 ilikuja na ufuatiliaji unaofanana na huo: mchoraji anasimamisha kishale kwa muda mfupi juu ya kona ya mchoro wa chini, anakipandisha, na mstari wa vidoti unamfuata wima kutoka kona ile. Ni mstari uleule wa Monge unaounganisha mchoro wa chini na wa juu, bila ti-skwea wala penseli.

Kuipeleka nyumba kwenye kiwanja

Mfano mmoja wa ofisini unatosha kuonyesha mbinu hizi zinavyofanya kazi na zinavyoweza kupotosha. Tanzania na Kenya zimetumia kwa muda mrefu mfumo wa upimaji wa Arc 1960, na ramani ya mpimaji inakuja na namba kubwa. Kiwanja cha Dar es Salaam kina kona zilizo zaidi ya meta 500,000 upande wa mashariki, na zaidi ya meta 9,200,000 upande wa kaskazini. Msanifu majengo, kwa upande wake, ameichora nyumba kwa milimita, karibu na sifuri, na imelala mlalo kabisa ingawa kiwanja kimekaa mshazari.

Amri ya ALIGN katika AutoCAD inaviunganisha viwili hivyo kwa hatua moja. Mchoraji anaichagua nyumba, anabofya kona yake ya kwanza kisha mahali pake kiwanjani, anabofya kona ya pili kisha mwelekeo wake. Nyumba inahama na kugeuka kwa pamoja. Kabla ya kumaliza, programu inauliza swali moja: je, ukubwa ubadilishwe ulingane na nukta hizo?

Jibu la ndiyo linavutia, kwa kuwa linabadili milimita kuwa meta papo hapo. Lakini tuseme ukuta una meta 12.00, na vigingi viwili alivyovichagua mchoraji viko umbali wa meta 12.06. Programu itatii, na nyumba nzima itatanuka kwa nusu ya asilimia. Mlango wa milimita 900 utakuwa wa milimita 904.5, na hakuna onyo litakalotokea. Mchoraji mzoefu hubadili vipimo kwanza kwa kuzidisha na 0.001, kisha hupanga nyumba na kujibu hapana. Mashine inapanga sawia vile ilivyoambiwa. Kujua ni nukta zipi zinastahili kukutana ni kazi ya mtu.

Kurudi kwa masharti

Snapu, hata hivyo, ina upungufu uleule wa wino. Inahakikisha usawa wakati wa kuchora tu. Ukisogeza ukuta kesho, milango iliyonaswa juu yake jana inabaki nyuma, kwa sababu hakuna kilichohifadhi uhusiano wao.

Aliyeuleta uhusiano huo sokoni ni Samuel Geisberg, mtaalamu wa hisabati aliyehama kutoka Muungano wa Kisovieti kwenda Marekani. Mwaka 1985 alianzisha kampuni ya PTC, na mwaka 1988 ikatoa Pro/ENGINEER. Katika programu hiyo kila kipimo kilikuwa swichi: ukibadilisha kipenyo cha tundu, chuma chote kinachotegemea tundu hilo kinajirekebisha. Mwaka huohuo wa 1988 Sutherland alipewa Tuzo ya Turing, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta. Mwaka uliofuata kampuni ya D-Cubed ilianzishwa Cambridge, Uingereza, ikatengeneza injini ya kutatua masharti ya michoro ambayo kampuni nyingine ziliinunua na kuitia ndani ya programu zao. Wazo la mwaka 1963 lilikuwa limepata mashine za kulibeba.

Kwa wasanifu majengo lilifika kupitia kwa Leonid Raiz na Irwin Jungreis, waliowahi kufanya kazi PTC. Mwaka 1997 walianzisha kampuni iliyotengeneza Revit, ambayo Autodesk iliinunua mwaka 2002 kwa dola milioni 133. Zana ya kupanga sawia katika Revit ni fupi ajabu. Unabofya kwanza kitu kilichokaa mahali pake, tuseme mstari wa nguzo, kisha unabofya ukuta unaotaka ufuate. Ukuta unasogea, na kando yake inatokea picha ndogo ya kufuli iliyo wazi. Ukiibofya, kufuli inafungwa. Tangu hapo mstari wa nguzo ukihama, ukuta unahama nao, na unahama katika ramani ya kila ghorofa, katika mkato na katika mchoro wa mbele. Kile ambacho mchoraji wa wembe alipaswa kukumbuka kwa kichwa kinakumbukwa na mchoro wenyewe. Mwaka 2009 AutoCAD 2010 nayo ilipata masharti ya kijiometri: sambamba, wima, mlalo, kitovu kimoja, urefu sawa na mengineyo. Kwa programu iliyotumika kuliko zote, safari kutoka tasnifu ya Sutherland ilikuwa imechukua miaka 46.

Uwezo huu umekuja na wajibu mpya. Kufuli nyingi mno zinaufunga mchoro mpaka hausogei, na masharti mawili yanayopingana yanaifanya programu ikatae kazi. Kufuli iliyofungwa mahali pasipostahili ni hatari zaidi: inabeba kosa kimyakimya kutoka ghorofa hadi ghorofa kwa usahihi uleule inaobebea ukweli. Mchoraji wa zamani aliulizwa kama mstari wake umenyooka. Wa leo anapaswa kuulizwa kwa nini mstari huu unaufuata ule, na je, jengo litakubali uhusiano huo ukidumu?

Vyuo vyetu vya ufundi na usanifu vinapaswa kulibeba swali hilo. Kijana anaweza kukariri vitufe vyote vya snapu kwa siku chache, na akachora kwa kasi inayopendeza. Lakini kama hajui mzigo unashukaje kutoka paa hadi msingi, au bomba la maji machafu linahitaji mteremko gani, hatajua kipi kifungwe na kipi kiachwe huru. Monge aliujua ukuta wa ngome kabla ya kuuchora, na Sutherland aliujua mnyumbuko wa chuma kabla ya kuuwekea sharti. Somo la kwanza la kupanga vitu sawia katika kompyuta lianzie hapo: mwanafunzi aeleze kwa maneno yake, kabla hajagusa kipanya, ni kitu gani kinakitegemea kipi katika jengo analolichora.